Mahindi Tunayoyakataa Huenda Wapi?

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya mashine ya kusaga, huku kwetu Kisauni, alikuwa ameinamia uteo wake. Mahindi yenyewe hayakuwa mengi, ya sima ya siku chache tu. Aliyatandaza kwa kiganja, akawa anachagua punje moja moja. Iliyopasuka, pembeni. Iliyotobolewa na fukusi, pembeni. Akafika kwenye punje moja iliyokuwa na kiunga cha kijani na manjano pale chini, inapong'olewa kwenye gunzi. Akaiinua juani, akaigeuza, kisha akaitia kwenye mfuko mdogo wa khaki alioubana kwapani.

Nikamsifu moyoni. Nikasema, huyu anajua anachofanya.

Zamu yake ikafika. Akamimina yale mazuri, akasagiwa, akalipa. Alipokuwa anajitwisha, akaja binti mdogo, wa darasa la tano au la sita hivi, mkono umekunja noti.

"Shikamoo. Mama anauliza kama leo yapo yale mengine."

Yule mama akampa ule mfuko wa khaki, akapokea shilingi zake.

"Ni ya kuku, sivyo?" nikamuuliza.

"Ni ya kuku, dada. Ila mwisho wa mwezi wanayaosha, wanayakoboa, wanakula wenyewe. Watafanyaje?"

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda zake. Mimi nikabaki na gorogoro langu mkononi, na wiki nyingi zimepita tangu siku ile bado nauona ule mfuko.

Kile kijani

Wasomaji wangu wengi mmeshasikia habari za aflatoksini, ile sumu inayotengenezwa na kuvu, kwa hiyo sitaanza mbali. Kuvu inayoitengeneza zaidi kwenye mahindi ni *Aspergillus flavus*. Hukaa udongoni, kwenye mabua ya msimu uliopita na hewani. Mahindi yakipigwa na ukame na joto yakiwa bado shambani, au wadudu wakiyatoboa, huwa imepata mlango. Yakivunwa mabichi na kufungiwa ndani, huendelea kuzaana humo humo guniani.

Kuna kuvu nyingine, *Fusarium*, ambayo hufanya utando mweupe au wa waridi, na sumu yake ni fumonisini. Hindi moja laweza kubeba zote mbili. Leo nimeshikwa na ile ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyozika watu wetu.

Lililonisumbua kwanza ni hili: yule mama alikuwa anafanya kazi ya kweli. Sumu hii haijitawanyi sawasawa guniani. Punje chache huwa zimejaa sumu kupita kiasi na jirani zake zikawa salama kabisa. Ndiyo maana hata wapimaji wa maabara hulazimika kuchota sehemu nyingi za gunia, wasage zote pamoja, ndipo wapime. Ukichota kiganja kimoja tu, unaweza kuambulia salama au kuambulia balaa. Na ndiyo maana kuchagua kwa mkono kunasaidia sana. Ukiziondoa zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zile zinazoelea ukiyatia mahindi majini, umeondoa sehemu kubwa ya sumu iliyokuwamo.

Haitoki yote. Ukungu unaweza kupukutika kwa kupepetwa na sumu ikabaki ndani ya punje inayong'aa. Lakini iliyopungua imepungua.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili.

Kama sumu imejikusanya kwenye punje chache, na mikono ya wanawake kumi pale mashineni imezitoa punje hizo kwenye mateo kumi, basi mfuko wa khaki ndio wenye sumu kuliko kitu chochote kilichouzwa mtaani siku ile. Na una mnunuzi.

Moto hausaidii

"Si yanapikwa?" Hili nimeulizwa na kila niliyemgusia habari hii, mamangu akiwa wa kwanza. Sisi tumelelewa tukiamini kwamba moto husafisha. Maji tumeyachemsha, maziwa tumeyachemsha, nyama tumeikausha kwa moshi.

Aflatoksini huanza kuvunjika ikipita nyuzi joto 230 na kitu. Sima, hata ukiisonga mpaka mkono ukufe ganzi, inapikwa kwa maji, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo sumu huingia sufuriani na kutoka ilivyo.

Ikifika mwilini huenda kwenye ini. Nyingi kwa mara moja huua: macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, mtu huanza kuvuja damu, na hospitali haina dawa ya kuiondoa sumu yenyewe. Kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumu hii, hatari yake hupanda mara nyingi kuliko jumla ya hatari hizo mbili zikiwa mbalimbali.

Hapo nilikaa kidogo. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Binti wa shilingi zake mkononi huenda alichanjwa. Mamake, kwa umri ninaomkadiria, huenda hakuchanjwa. Na yeye ndiye atakayekula mwisho, baada ya watoto, yale yatakayobaki chini ya sufuria.

Mwaka 2004, na lile neno "mengine"

Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hii katika mkoa wa Mashariki na sehemu za Kati, na 125 wakafariki. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Machakos ilikuwa imeonja mapema zaidi: mwaka 1981 watu 20 walilazwa, 12 wakafa.

Pwani tuliipokea habari ile kama msiba wa jirani wa mbali. Tulisikitika. Tulisema ni mambo ya bara, ni ukame wa Ukambani. Baadhi yetu tulidhani ni mahindi ya msaada yaliyopitia bandari yetu ya Kilindini, yaliyokaa melini mpaka yakaharibika.

Uchunguzi ulionyesha vingine. Mahindi yaliyoua yalilimwa pale pale. Watu waliyavuna na kuyaingiza ndani ya nyumba yakiwa na unyevu, na kuvu ikapata joto, giza na maji. Baadaye yakatoka majumbani yakaingia sokoni. Wachunguzi walipochukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65 ya maeneo yale, zaidi ya nusu, asilimia 55, zilizidi kikomo cha wakati ule cha mikrogramu 20 kwa kilo. Mahindi mengine yalifika mikrogramu 4,400. Leo kikomo chetu ni 10.

Nimezirudia tarakimu hizo mara nyingi. Kilichonishika si ile 4,400. Ni habari ndogo iliyomo kwenye taarifa za wakati ule, inayopitwa haraka: pamoja na kuwaonya watu na kuyakamata mahindi mabaya, serikali na washirika wake walipeleka chakula kingine badala yake.

Mengine.

Maana katika ile miezi kulikuwa na mama Makueni aliyejua kabisa mahindi yake yana nini. Jirani amezikwa. Redio inasema. Anayaangalia, ana kijani. Na watoto wana njaa. Unamwambia ayatupe?

Mtu hatupi mahindi asipokuwa na mengine ya kuweka mahali pake. Nilipofika hapo, maswali niliyokuwa nayo juu ya mama wa mfuko wa khaki na mama mnunuzi wake yalibadilika. Nilikuwa nawaza watu hawa waelimishwe vipi. Ila wao wanajua. Yule binti alisema "yale mengine" na kila mtu pale foleni alielewa ni yapi.

Chumvi inayotoa jasho

Bado nilikuwa na moyo wa kujifariji kwamba hili ni jambo la wengine, mpaka nilipokwenda kwa mjomba wangu, Kwale.

Ilikuwa wakati wa mavuno ya masika. Kusi inavuma, asubuhi jua kali, alasiri manyunyu. Mahindi yametandazwa uani juu ya turubai, watoto wakilia "mvua!" kila mtu anakimbilia pembe. Yanafunikwa, yanafunuliwa, yanafunikwa tena. Mjomba alikuwa anauma punje kwa meno ya pembeni na kusikiliza mlio. Ikilia "ka!", imekauka.

Nilimwonyesha njia ya chupa, ambayo maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima. Unachukua chupa kavu inayoonekana ndani, unatia mahindi mpaka theluthi, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unatikisa kwa dakika moja, unaiweka chini robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Ikibaki chini bila kushika, yako chini ya hapo.

Tulikwama kwenye chumvi. Chumvi ya pwani haikai kavu. Ipo kwenye kopo lakini imeshikana, ukiigusa ina majimaji. Shangazi ikabidi aikaange kwenye kikaango, aipoze haraka, aimimine kwenye chupa kabla haijavuta maji tena kutoka hewani.

Tulitikisa. Tukangoja. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele ya chupa, kofia imerudi nyuma, haongei. Chumvi ilibaki imeganda kotekote, nyeupe, kama jasho lililokaukia shingoni.

"Na meno yangu yamesema yamekauka," akasema.

Hewa ile ile iliyoilowesha chumvi jikoni ndiyo inayoyazunguka magunia. Nafaka hupumua, ikikaa kwenye hewa yenye maji huyanywa. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 75, ambao Mombasa ni jambo la kila siku, mahindi huelekea kutulia kwenye asilimia 14 hivi, hata kama yalitoka bara yakiwa makavu barabara. Kinachotakiwa kwa kuhifadhi ni 13.5. Kwa hiyo gunia la Kitale lililokaushwa vizuri, likishushwa Kongowea na kuegemezwa ukutani juu ya saruji wakati wa masika, linaanza kurudi nyuma. Na njia ya chupa haikuambii hayo, kwa sababu yenyewe inaona 15 tu. Ni afadhali kuliko meno, lakini ukiona chumvi imebaki chini usijipe uhakika wote.

Wazee wetu walikuwa na uchaga juu ya jiko. Moshi na joto la kuni vilikausha mahindi yakiwa na maganda yake na kuwafukuza wadudu. Mjomba anaukumbuka wa babake. Nilimuuliza kwa nini hakuujenga. Akanionyesha nyumba yake ya mabati na jiko la makaa lililo barazani, hakuongeza neno. Dumuzi, yule mdudu mgeni aliyeonekana kwanza nchini huko Taveta mwaka 1983, naye amefanya mahindi yasiyopurwa yawe hasara tupu kwa wengi, maana hula gunzi na punje pamoja, na kila tundu analoacha ni mlango wa kuvu.

Mifuko ya kuzuia hewa inasaidia, tena sana, ila kwa sharti kwamba mahindi yaingie yakiwa yamekauka. Ukifungia maji humo, umeyafungia na kuvu.

Unga wa pakiti, na pumba zake

Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Huku mtaani watu wengi walirudi mashineni. Walisema, angalau yangu nayaona.

Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu na naomba mnivumilie, kwa sababu jibu langu halitawapendeza wapenzi wa unga wa asili, na mimi ni mmoja wao. Mahindi yakikobolewa, yaani ganda na kiini vikiondolewa, sehemu kubwa ya aflatoksini huondoka navyo, maana huko ndiko inakokaa zaidi. Unga ule mweupe tunaousema hauna lishe, kwa upande wa sumu hii, mara nyingi ni salama kuliko unga wa dona uliosagwa na kila kitu chake kutoka gunia lile lile. Dona ni chakula kizuri kama mahindi ni mazuri. Kama hujui mahindi yametoka wapi, koboa.

Nilitaka kuishia hapo, niseme basi tukoboe. Kisha nikasikia sauti ya yule binti. Pumba zinakwenda wapi?

Mnajua zinakwenda wapi. Zinajazwa magunia, zinauzwa kwa wafugaji. Kiwandani ni vile vile, kwa tani. Tumeitoa sumu kwenye sahani, tukaikusanya mahali pamoja, tukaiuza.

Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hubadilishwa na ini na kutokea kwenye maziwa kwa sura nyingine inayoitwa M1, na haichukui zaidi ya siku moja kuonekana. Ukimwachisha chakula kile, baada ya siku chache maziwa hurudi kuwa safi. Kuchemsha hakuitoi. Kikomo kimewekwa cha mikrogramu 0.5 kwa kilo, chini sana, kwa sababu wanywaji wakubwa wa maziwa ni watoto. Tunayemnyima sima yenye kijani, tunampelekea kwenye kikombe cha chai.

Na si jambo jipya. Sumu hii ilijulikana duniani mara ya kwanza kupitia chakula cha mifugo: Uingereza, mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Sayansi yote ya aflatoksini imeanzia kwenye mfuko kama ule wa khaki, ile sehemu ambayo mtu aliona haifai yeye kuila lakini ndege wanaweza.

Viwanda vyenye uwezo huchanganya udongo maalumu wa mfinyanzi kwenye chakula cha mifugo ili uishike sumu tumboni ipite bila kunyonywa. Ni njia nzuri. Mama anayefuga kuku sita nyuma ya chumba cha kupanga hana huo udongo.

Kongowea

Nilikwenda Kongowea kuongea na wauza mahindi. Mmoja, mzee aliyekaa sokoni tangu kabla sijazaliwa, aliniwekea kigoda nyuma ya magunia, akaniagizia kahawa.

Nilimuuliza kama anaweza kuuza mahindi makavu, yaliyochaguliwa, kwa bei ya juu kidogo.

"Mwanangu, ukinunua samaki unamfunua shavu, unatazama kama amelala. Ushawahi kuona mtu anafunua hindi?"

Nikanyamaza.

Akaendelea kunieleza biashara yake, na ninamshukuru kwa uwazi wake. Mahindi huja ya bara, huja ya Tanzania kwa Lunga Lunga, huja ya shamba za karibu. Yote yanauzwa kwa kilo. Mahindi yenye maji ni mazito. Anayeyakausha mpaka 13.5 anapoteza kilo, na hakuna anayemlipa zile kilo zilizoruka hewani. Akichagua, anapoteza tena. Jirani yake asiyekausha wala kuchagua anauza rahisi kuliko yeye, na mnunuzi anakwenda kwa jirani. "Mimi nataka kuuza kizuri," akasema. "Lakini kizuri kinanifilisi."

Machi 2021, Kenya ilipofunga mpaka kwa siku chache kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hizi, mzigo ulikwama barabarani, bei ikasumbua, kisha mpaka ukafunguliwa kwa masharti ya usajili na vyeti vya upimaji. Nilimuuliza kilibadilika nini pale sokoni. Alifikiri. Akasema siku hizi wakubwa wana karatasi. Mahindi yanayoingia kwa mikokoteni na kwa pikipiki, gunia moja moja, hayana karatasi yoyote.

Nikamuuliza la mwisho: yale mabovu kabisa anayafanya nini?

"Yana wateja," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunitazama usoni. Wa kuku. Wa nguruwe. Wa pombe ya busaa.

Ndoo ya mashineni

Mwenye mashine wa kwetu ni mtu wa maneno machache. Nilimweleza habari yote, toka Makueni mpaka batamzinga, na yeye akiendelea kukaza ukanda wa mashine. Nilipomaliza akaniuliza: "Sasa huyo mama wa kuku nimpe nini?"

Hilo ndilo swali. Tulichokubaliana, baada ya maneno marefu na kina mama wa foleni, ni kwamba mabovu yote yataingia kwenye ndoo yake moja, na kila anayesaga ataacha kiganja cha mahindi mazuri kwenye ndoo ya pili. Mwenye kuja kutafuta "yale mengine" anapewa ya ndoo ya pili kwa bei ile ile. Ya ndoo ya kwanza yanazikwa, mbali na kisima.

Mwanzo wa mwezi ndoo ya pili hujaa. Kufikia tarehe 20 hivi, viganja vinakuwa vidogo. Mwisho wa mwezi watu wengine wanaondoka na mabovu yao kimya kimya, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu ndipo na wao wanapokuwa wanahesabu. Tarehe ambazo binti yule anahitaji zaidi ndizo ambazo sisi tuna kidogo zaidi. Hisani ya maskini kwa maskini ina mwisho wake, na mwisho huo ni kama tarehe 25.

Kwa hiyo nimekuwa nikitazama juu zaidi, kule sumu inakoanzia.

Kuna njia moja inayonipa matumaini kwa sababu haiachi mabovu ya kumpelekea mtu. Ni Aflasafe. Watafiti wametafuta ndani ya nchi aina za *Aspergillus flavus* zisizoweza kutengeneza sumu, wakazipandikiza kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote. Mkulima humwaga kilo nne kwa ekari, wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Zile kuvu zisizo na sumu huenea na kuikalia nafasi, na zile zenye sumu hukosa pa kukaa. Kenya iliisajili mwaka 2015, kiwanda kiko Katumani, Machakos, na miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola, hapa hapa kwetu Tana River, imeitumia. Kinga huanza shambani na kufuata mahindi mpaka ghalani.

Mjomba hajaiona. Alinisikiliza vizuri, akauliza bei, akauliza nani atanunua mahindi yake ghali zaidi akiitumia. Nikamkumbuka mzee wa Kongowea na kilo zake zilizoruka hewani.

Katiba ya 2010 iliweka kilimo na masoko mikononi mwa kaunti. Hili ni la Mombasa, na la Kwale na Kilifi zinazotulisha. Nimeandika maombi matatu na nitayapeleka kwenye kikao kijacho cha bajeti cha wadi yetu. La kwanza ni kipima unyevu kwenye lango la Kongowea, kinachotumiwa mbele ya muuzaji na mnunuzi, ili mahindi makavu yaanze kuwa na bei yake. La pili ni Aflasafe ya ruzuku kwa wakulima wadogo wa kaunti jirani, ikinunuliwa kwa pamoja. La tatu, ambalo nitalipigania hata haya mawili yakikataliwa, ni fungu la kununua mahindi mabovu na pumba zilizopimwa zikazidi kikomo, kwa bei inayozidi ile ya watu wa kuku na busaa, kisha kuyaharibu. Naomba na nusu ya fedha hizo ilipwe kwa mahindi mazuri, mkononi, palepale.

Wa Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita, nanyi mna vikao vyenu. Nikipata tarehe ya kwetu Kisauni nitaiweka hapa.